Tutajuaje Kuwa Ziwa Limepona? Ushahidi wa Kisayansi, Busara ya Kikristo na Uhifadhi wa Viumbe

Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti. Hatua hiyo ilifuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Habari hizo hazikukawia kufika katika mialo ya Ziwa Nyasa, na tangu wakati huo swali limekuwa likizunguka kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay: je, na sisi tufungiwe?

Siku moja, baada ya Misa Takatifu katika kigango kimoja cha ufukweni, mvuvi mmoja alinisogelea na kuniuliza: “Baba, wakifunga hapa kwetu, nitajuaje kwamba njaa ya wanangu imeleta faida?” Nilimjibu kwa maneno mazuri kuhusu nyumba yetu ya wote na wajibu wa kuitunza. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza tena swali lile lile.

Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi. Hoja yake ni moja: kuwapenda viumbe wa Mungu hakutoshi kama hatujali kujua iwapo njia tuliyochagua ya kuwalinda inazaa matunda. Anayemwomba maskini ajinyime kwa ajili ya uhifadhi anawajibika kumwonesha kwamba kujinyima kwake kunafaa kitu.

Tunacholinda

Ziwa Nyasa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 29,600 na kina kinachofikia mita 700. Linamilikiwa kwa pamoja na watu wa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulitoa tathmini ya aina 458 za samaki wa ziwa hili, na ikabainika kuwa takriban asilimia 9 wako katika hatari kubwa ya kutoweka. Miongoni mwao wamo magege, ambao ndugu zetu wa Malawi huwaita chambo. Aina tatu kati ya nne za samaki hao ziliwekwa katika daraja la hatari ya juu kabisa.

Anayemfahamu gege anajua kwa nini ni rahisi kummaliza. Mama hubeba mayai na makinda yake kinywani mpaka yapate nguvu ya kujitegemea. Kokoro linapomzoa mama mmoja, linazoa pia kizazi kizima. Torati inayo sheria ndogo kuhusu jambo la namna hii: anayekuta kiota njiani haruhusiwi kumchukua mama pamoja na makinda yake (rej. Kumb 22:6-7). Mwisraeli wa kale aliruhusiwa kula, lakini alikatazwa kula kesho yake pamoja na leo yake.

Mbasa naye ana udhaifu wa aina nyingine. Huacha maji ya ziwa na kupanda mito, hasa Mto Ruhuhu, kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Kwa hiyo uhai wake hautegemei wavuvi peke yao. Unategemea pia mkulima wa mlimani, maana udongo unaoporomoka mashambani huishia mtoni na kuyafunika mayai.

Madhara yanatufikia hata sisi tusiovua. Huko Malawi, watafiti walichunguza kwa nini kichocho kiliongezeka katika fukwe zilizokuwa salama hapo awali. Waligundua kwamba samaki wanaokula konokono walikuwa wamepungua sana kwa sababu ya uvuvi uliokithiri, na konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Mtoto anayekojoa damu kijijini anaweza kuwa analipa deni la wavu uliotupwa miaka mingi kabla hajazaliwa.

Kazi iliyofanyika na tunda lililopatikana

Basi hakuna ubishi kwamba lazima tuchukue hatua. Ila kuchukua hatua ni jambo moja, na kufanikiwa ni jambo lingine. Tofauti hiyo tumejifunza kwa uchungu katika mkoa wetu wenyewe wa Ruvuma.

Mashariki yetu, katika wilaya za Namtumbo na Tunduru, kuna ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji. Mwaka 1976, tembo wa ikolojia ya Selous na Mikumi walikadiriwa kuwa takriban 109,000. Sensa ya mwaka 2013, iliyofanywa kwa ndege, ilikuta tembo wapatao 13,000 tu. Katika miaka hiyo kulikuwa na askari wa wanyamapori, magari ya doria, semina na taarifa zilizojaa makabati. Kazi ilifanyika, na wako waliomwaga damu yao kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini idadi ya doria haikuwa idadi ya tembo. Ni sensa iliyosema ukweli. Mwaka 2014 Selous iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, na vita dhidi ya ujangili ikachukua sura mpya. Hesabu hiyo iliaibisha wengi, na ndiyo iliyowaamsha.

Nisiwanyooshee wengine kidole. Katika parokia mojawapo niliyowahi kuitumikia, tulipanda miche mingi kuzunguka chanzo cha maji. Tuliimba, tukabariki miche, tukapiga picha, na mimi mwenyewe niliandika taarifa nikijivunia idadi ya miche iliyopandwa. Sikurudi mwaka uliofuata kuhesabu iliyopona. Nilipopita pale baada ya miaka kadhaa, mingi ilikuwa imekauka, na iliyostawi ilikuwa mikaratusi, mti ambao kila mzee wa pale angeniambia kwamba hunywa maji kwa pupa. Nilikuwa nimehesabu nia yangu njema, sikuhesabu miti.

Namna ya kupima kwa haki

Je, tunapimaje? Mkulima wa kahawa wa Mbinga analijua jibu, hata kama hajawahi kuliita sayansi. Akiletewa mbolea mpya, hamwagi shamba zima. Huweka kwenye mistari michache, akaiacha mistari ya jirani kama ilivyokuwa, na wakati wa mavuno hulinganisha. Anajua kwamba kahawa ikizaa sana mwaka wa mvua nzuri, sifa inaweza kuwa ya mvua na si ya mbolea. Mistari iliyoachwa ndiyo inayomfunulia ukweli.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo msingi wa juhudi zilizoenea duniani katika miongo miwili iliyopita. Mwaka 2004 William Sutherland, mwanasayansi wa Uingereza, pamoja na wenzake, walitoa wito kwamba uhifadhi ujifunze kutoka kwenye tiba. Daktari hapaswi kutoa dawa kwa sababu tu mwalimu wake aliizoea. Hutakiwa kuuliza ni wagonjwa wangapi waliipata wakapona, na ni wangapi waliopona bila kuipata. Tangu hapo matokeo ya maelfu ya majaribio ya uhifadhi yamekusanywa, yale yaliyofaulu pamoja na yale yaliyoshindwa. Na yaliyoshindwa yana thamani yake, kwani yanamwokoa mwingine asirudie kosa kwa fedha za maskini.

Tuutazame mfano wa karibu na bahari yetu. Katika kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, wavuvi walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi michache ili pweza wakue. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa vipindi 36 vya ufungaji vilivyofanyika eneo hilo kwa miaka minane. Watafiti hawakutazama tu mavuno ya kabla na baada ya kufunga. Walitazama pia maeneo ambayo hayakufungwa. Katika maeneo yaliyofungwa, mvuvi mmoja alipata kwa siku karibu mara mbili ya alichokipata awali. Katika maeneo yaliyobaki wazi ongezeko kama hilo halikuonekana. Hapo mtu anaweza kusema kwa dhamiri safi kwamba kufunga kulisaidia.

Hata hivyo, mwenye busara hatauchukua ushahidi huo na kuubandika Mbamba Bay. Pweza hukua haraka sana na maisha yake ni mafupi. Gege huchukua muda mrefu zaidi na huzaa makinda machache. Miezi inayomtosha pweza si lazima imtoshe gege.

Ziwa lenyewe nalo lina mambo yake. Usipa huongezeka na kupungua mwaka hadi mwaka hata pasipo amri ya mtu yeyote. Upepo wa mwera unapovuma kwa nguvu, maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, na viumbe wadogo wanaoliwa na samaki hustawi. Katika Ziwa Tanganyika, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko huo wa maji, na kwamba chakula cha msingi cha ziwa kimepungua kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo samaki wakiongezeka mwaka mmoja baada ya ziwa kufungwa, tusikimbilie kupiga vigelegele; na wakipungua, tusikimbilie kulaumu. Tuulize kwanza: mahali ambapo hapakufungwa, au katika miaka mingi iliyotangulia, hali ilikuwaje?

Katika ukanda wa Ziwa Nyasa tunayo mafundisho mawili yanayofaa kuwekwa mezani pamoja. La kwanza ni la Ziwa Malombe nchini Malawi, ziwa dogo linalopokea maji ya Mto Shire utokao Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chambo walikuwa wameporomoka huko. Kuanzia mwaka 1993 ziliundwa kamati za vijiji vya ufukweni ili wavuvi washiriki katika usimamizi. Kamati zilikuwepo, mikutano ilifanyika, lakini nyavu za macho madogo ziliendelea kufanya kazi, na chambo hawakurudi katika wingi wao wa zamani.

La pili ni la visiwa vya Mbenji, pia nchini Malawi. Huko, tangu miaka ya 1950, uvuvi husimamishwa kila mwaka kwa miezi kadhaa kuanzia Desemba, chini ya mamlaka ya chifu na kamati ya wavuvi wenyewe. Anayevunja agizo anajulikana na kuadhibiwa, na siku ya kufungua huadhimishwa na wote. Utaratibu huo umedumu kwa zaidi ya miongo saba, na visiwa hivyo vinasifika kwa samaki wakubwa kuliko maeneo ya jirani. Visiwa vyaweza kulindwa kwa urahisi kuliko ufukwe mrefu kama wetu, na hilo lazima lizingatiwe. Lakini mtu akiiweka Mbenji kando ya Malombe, anaona kwamba kuwa na kamati si sawa na kuwa na kanuni inayotekelezwa, na kwamba watu huitii zaidi sheria wanayoiona ni yao.

Busara, haki na maskini

Baadhi ya waamini huogopa kwamba kudai ushahidi ni kukosa imani. Mapokeo ya Kanisa hayasemi hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapofundisha juu ya fadhila ya busara, anahesabu kumbukumbu kuwa sehemu yake mojawapo, yaani kukumbuka kwa ukweli yaliyotokea. Anaitaja pia hali ya kukubali kufundishwa, na ile ya kuangalia mazingira yote yanayolizunguka jambo. Mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, aliyechunguza kwa macho yake mimea, ndege na samaki, ndiye msimamizi wa wanasayansi. Naye Bwana wetu alitufundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama (rej. Lk 14:28).

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake “Laudato si'” wa mwaka 2015, alikwenda mbali zaidi. Alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Aliomba pia kwamba maamuzi yanayogusa mazingira yatanguliwe na tathmini ya wazi, huku wakazi wa mahali husika wakipewa nafasi ya pekee mezani. Mafundisho haya yana uzito wa pekee kwetu. Mtaalamu akikosea katika karatasi yake, ataandika karatasi nyingine. Mvuvi akifungiwa ziwa kwa miezi mitatu bila faida yoyote, mtoto wake hatairudisha ile ada wala ule mlo. Hatua isiyopimwa humtoza maskini kodi ambayo hakuna anayemtolea risiti.

Lakini wembe huu hukata pande zote mbili. Wapo wanaodai ushahidi kamili ili tu wasiache kokoro lao leo. Kwamba mama wa magege hubeba makinda kinywani ni jambo linalojulikana. Kwamba chandarua cha kuzuia mbu, kikigeuzwa kuwa wavu, huzoa samaki wachanga wasiotimiza hata ukubwa wa kidole, kila mwenye macho anaona. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza zana haribifu, na utii kwa sheria hizo hausubiri utafiti mwingine. Ushahidi tunauhitaji pale tunapochagua kati ya njia mbalimbali: kufunga ziwa lote au mazalia tu, kwa miezi mingapi, na msimu upi.

Yaliyo mikononi mwetu

Milima ya Umatengo inatufundisha kwamba maarifa ya aina hii si mgeni kwetu. Kwa vizazi vingi Wamatengo wamelima ngolo, yale mashimo yanayopangwa kwenye miteremko mikali, majani yakiwekwa chini na kufunikwa kwa udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walipokuja kuyachunguza katika miaka ya 1990, walithibitisha kwamba ngolo hushika maji na kuzuia mmomonyoko. Wazee wetu walijaribu, wakalinganisha, wakashika kilicho chema. Na shimo la ngolo linalozuia udongo mlimani ni ulinzi pia kwa maji ya mto na kwa mbasa ambaye mkulima hatamwona kamwe. Jimbo letu, linaloanzia kwenye milima ya kahawa na kuishia kwenye mchanga wa ziwa, ni mwili mmoja hata katika jambo hili.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila mwalo uwe na daftari. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kama BMU, vinaweza kuandika kila juma mambo machache: mitumbwi mingapi imetoka, kwa saa ngapi, imeleta kilo ngapi, na gege mkubwa na mdogo kabisa walikuwa na urefu gani. Vijana wa VIWAWA waliomaliza shule wanaiweza kazi hiyo, na akina mama wa WAWATA wanaoanika na kuuza usipa wanazijua bei na misimu kuliko mtu yeyote. Daftari lianze sasa, kabla ya hatua yoyote, kwa sababu asiyepima leo hatakuwa na cha kulinganisha kesho.

Pili, tunapoamua kulinda mazalia, tuanze na sehemu, si zote. Ghuba moja ifungwe kwa makubaliano ya wavuvi wenyewe na viongozi halali, ghuba inayofanana nayo ibaki wazi, na zote mbili zipimwe kwa namna ile ile kwa miaka kadhaa. Wataalamu wa TAFIRI na maofisa uvuvi wa wilaya waalikwe tangu mwanzo, wala si mwishoni kuja kutia saini.

Tatu, matokeo yasomwe hadharani, yawe matamu au machungu, katika mkutano wa kijiji na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Hatua ikishindwa, tukiri na kuibadilisha. Tunaoungama kila Kwaresima hatupaswi kuona aibu kusema kwamba tulikosea kuchagua mti au mwezi wa kufunga.

Nne, wanaojinyima wasiachwe peke yao. Kama jumuiya nzima itafaidi samaki wa kesho, jumuiya nzima ishiriki gharama ya leo, kwa Caritas, kwa vikundi vya kuweka na kukopa, kwa ufugaji wa nyuki na kuku katika miezi ya kupumzisha ziwa.

Nikikutana tena na yule mvuvi, sitaanza na hotuba. Nitamuuliza kama mwalo wake una daftari, na kama halipo, nitakwenda naye kununua. Mtume Petro alikesha usiku kucha bila kupata kitu, na alipotupa nyavu kwa neno la Bwana akapata samaki wengi (rej. Lk 5:1-11). Katika Injili ya Yohane, baada ya Ufufuko, samaki waliovuliwa walihesabiwa mmoja mmoja, nao walikuwa 153 (rej. Yn 21:11). Mwinjili hakuona kwamba hesabu hiyo inapunguza muujiza. Sisi nasi tusione kwamba kuwahesabu magege wa Ziwa Nyasa kunapunguza imani yetu kwa Yeye aliyewaumba.